Chemchemi za Krismasi

Asubuhi ile Inspekta Ambokile Gumede hakuwa na gari, maana la ofisi lilikuwa gereji kwa wiki ya tatu. Hakuwa na msaidizi. Hakuwa na mke, wala hamu ya kula alichopika mwenyewe. Hakuwa na pasipoti, kwa sababu tangu baba yake alipomrudisha Durban kutoka uhamishoni Morogoro akiwa kijana, hakuna mtu aliyemwalika mahali panapohitaji pasipoti. Hakuwa na uvumilivu kwa wahubiri. Na alipoinama juu ya maiti ya Mzee Ephraim, akagundua kwamba hakuwa na leso pia.

Alijiziba pua kwa mkono wa koti.

Kanisa la Mlango wa Neema lilikuwa ndani ya ghala la kukodi huko Mobeni. Zamani ghala hilo lilihifadhi chakula cha mbwa. Chakula kiliondoka, harufu ikabaki, na waumini walikuwa wameizoea. Ambokile hakuizoea. Ilimkaa kooni kama mafuta yaliyoganda.

Mzee Ephraim alilala kifudifudi chini ya ukuta wa mbele. Damu ilikuwa imekauka kwenye mvi zake. Juu yake, projekta ilikuwa bado inawaka tangu jana, ikitupa picha kubwa ukutani: kanisa la buluu na nyeupe lenye makuba ya dhahabu. Nzi walitembea juu ya dhahabu ile, kisha wakashuka kwa marehemu, kisha wakapanda tena.

"Zima hiyo kitu," alisema Estella, mtaalamu wa maabara ya jinai.

"Bado. Nataka kujua alikuwa anaangalia nini."

"Alikuwa anaangalia sakafu, Inspekta. Kapigwa mara mbili kisogoni. Chuma kizito, chenye ukingo wa mviringo. Kati ya saa mbili na saa nne usiku."

Estella alinyoosha kidole kwenye nguzo ya maikrofoni. Kitako chake kilikuwa sahani nene ya chuma, na kiling'aa kupita vitu vyote ndani ya ghala lile.

"Kimefutwa. Kinukie."

Ambokile alinusa. Waridi. Waridi tamu, la kuchosha.

"Mafuta ya upako," alisema. "Yanauzwa kwenye chupa ndogo pale mlangoni."

"Mtu amefuta damu kwa mafuta ya kuwaombea wagonjwa?" Estella alikunja uso. "Eish. Lakini hakufungua parafujo ya chini. Humo ndani damu bado ipo."

Aliyeiona maiti kwanza alikuwa Yvette, binti Mkongo wa miaka ishirini, aliyekuja saa moja kufagia. Alikaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Niliona taa ya picha iko inawaka, chef. Nikasema Papa Ephraim amelala tu pa chini. Alikuwa anasinziaka hata kwa maombi. Nikamuita, 'Papa, amka, utapata baridi.'" Akaitazama mikono yake. "Nikamugusa."

"Alikuwa anafanya nini hapa?"

"Mwalimu yetu. Kila dimanche kisha kumaliza ibada anatufundisha Petersburg, ile ya Urusi, na kaunta buku yake nyeusi. Alisoma kule, ufundi wa kujenga, wakati ya zamani sana. Sisi mabinti wane tunaenda kuwa viongozi wa wageni, kwa yale majumba na makanisa."

"Nani anawapeleka?"

"Pasta Serge. Ni kesho, vendredi, ndege ya saa kumi."

"Pasipoti yako iko wapi?"

"Iko kwa pasta. Anatutunzia."

Ambokile aliandika neno pasipoti kwenye kijitabu chake, akalipigia mstari. Alikuwa ameshafanya kazi ya polisi miaka ishirini na miwili. Mtu mzima anayetunziwa pasipoti na mtu mwingine, Ambokile hakuwahi kuona mwisho wake ukiwa mzuri.

"Na kuna aliyetangulia?"

"Cathy, mutoto ya Mama Colette wa salon. Alienda mwaka jana, mwezi wa kumi. Alituma hata foto ya Noeli."

Pasta Serge alifika saa tatu. Alivaa suti ya rangi ya maziwa na viatu vyenye ncha. Alimwangalia marehemu kwa muda wa kutosha tu mtu kumwona kwamba anaangalia, kisha akamgeukia Ambokile.

"Bwana Inspekta, tutarudishiwa kanisa yetu lini? Kesho asubui niko na maombi ya kusindikiza watoto."

"Mtu wako amekufa, Pasta."

"Papa Ephraim alikuwa baba yetu sisi wote. Vraiment, kweli kabisa. Ninalia ndani."

"Nimeona. Jana uliondoka hapa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, kisha kumaliza maombi ya wagonjwa. Nilimuacha na mashine yake."

"Ile kaunta buku nyeusi aliyofundishia mzee, umewahi kuishika?"

"Mimi? Hapana. Ile ilikuwa kama mke yake. Hakuna mutu anagusa."

"Wewe mwenyewe umefika Petersburg?"

Uso wa pasta ukachangamka. "Mara mbili! Hii kanisa unaona kwa ukuta, nilisali ndani. Walijua mimi ni mtumishi, wakanikalisha benchi ya mbele kabisa. Nyuma yangu watu mia tatu wamekaa, wote wananiangalia. Muafrika!"

"Hongera."

"Asante."

Ofisi ya pasta ilikuwa chumba kidogo cha mbao. Kwenye msumari nyuma ya mlango lilining'inia koti zito la rangi ya kahawia, lenye manyoya shingoni. Durban hakuna baridi ya koti lile. Ukutani ulibandikwa mchoro wa kanisa lenye kuba kubwa la dhahabu, umechorwa kwa rula na mkono usiotetemeka. Chini ulitiwa sahihi: E. Mwakasege, mchoraji, bila malipo.

Ile kaunta buku ilikuwa mezani kando ya projekta. Ambokile aliifungua kwa ncha ya kalamu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa wino mweusi, herufi za shule ya zamani: *Majumba na Makanisa ya Petersburg. Mwongozo wa Mgeni Anayesema Kiswahili.* Aliendelea kufunua. Baada ya ukurasa wa thelathini na mbili ulifuata wa thelathini na tano. Karatasi moja ilikuwa imechanwa. Na pembeni mwa ukurasa wa thelathini na tano kulikuwa na doa lililofanya karatasi ipenyeze mwanga, la ukubwa wa dole gumba.

"Estella."

"Nimeliona. Linanuka waridi."

"Mistari ya kidole?"

"Kama ramani."

Ambokile alipanda teksi ya abiria wengi hadi Cato Manor, alikokuwa akiishi marehemu, akiwa amebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya maini na jamaa aliyekula mayai ya kuchemsha. Njia nzima alifikiria jambo moja. Jina Mwakasege lilikuwa la Mtanzania, na yeye pia alianza shule Morogoro. Kule mwalimu hakubali uandike safi kabla ya rafu. Insha huanza kwa penseli kwenye daftari la rafu, hurekebishwa, ndipo huingia kwa wino kwenye safi. Aliyepigwa viboko kwa kosa hilo akiwa mtoto haachi hata akizeeka. Na kaunta buku ile haikuwa na neno hata moja lililofutwa.

Chumba cha Mzee Ephraim kilikuwa kitanda, jiko la umeme na shubaka la madaftari. Yalikuwa kumi na moja, yote ya penseli. Ambokile aliketi kitandani akasoma, na kwa mara ya kwanza siku ile akasahau harufu ya chakula cha mbwa.

*Anza na Jumba la Majira ya Baridi, asubuhi, ukiwa umeshiba. Ni la kijani na nyeupe, na juu ya paa limejaa sanamu kama watu waliopanda kutazama moto. Usihesabu madirisha. Mimi nilihesabu, nikachelewa chakula cha mchana.*

*Jumba la waridi pale kona ya mto mdogo na barabara kuu, lilikuwa la ukoo mmoja tu wa matajiri. Simama ng'ambo ya maji ulitazame. Kisha jiulize nani alikuwa anafua mapazia.*

*Kanisa la buluu la Mtakatifu Nikola ni la mabaharia. Mnara wake wa kengele umesimama peke yake kando ya mfereji. Ingia taratibu. Wanawake hufunika kichwa, wanaume huvua kofia. Usitafute safu za viti, hazipo. Husali wamesimama, saa mbili na zaidi, tajiri na maskini sakafuni pamoja. Kwenye ukuta kuna vibenchi vichache vya vikongwe. Mimi nilisimama nikiwa na miaka ishirini na moja, magoti yakaniuma, roho haikuniuma.*

Ambokile alisoma aya ile mara mbili. Benchi ya mbele kabisa. Watu mia tatu wamekaa. Aliona wazi jinsi pasta alivyoichukua ibada ya Mobeni, mgeni wa heshima kwenye kiti cha mbele, akaipandikiza mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Kisha akaifikia sehemu iliyochanwa kwenye safi.

*Peterhofu ni nje ya mji, kando ya bahari. Kuna jumba la njano juu ya kilima na chemchemi nyingi zinazoshuka mbele yake, na mtu wa dhahabu anayempasua simba mdomo. Nenda wakati wa joto. Katikati ya Oktoba chemchemi hufungwa, na sanamu nyingi huvikwa masanduku ya mbao. Hazirudi hadi Aprili ikielekea mwisho. Anayekuambia amezipiga picha zikiruka maji siku ya Krismasi, ni mwongo.*

Mstari wa mwisho ulikuwa wa penseli mpya.

Chini ya mto kulikuwa na bahasha yenye anwani tayari, kwa Gadiel, aliyebaki Petersburg baada ya masomo. Ndani yake barua ya Kiswahili iliyofika nusu: *Ndugu yangu Gadiel, wewe sasa ni mtu wa huko. Ninakuomba kama niliyekula nawe mkate mmoja bwenini, unitafutie binti anaitwa Cathy. Nilimfundisha mimi. Nilimwambia atayaona yote. Nimeona picha yake na nimejua kwamba*

Hapo iliishia.

Saluni kwake, Mama Colette alikuwa anamsuka mteja. Hakuacha kusuka Ambokile alipojitambulisha.

"Keti pale, Papa Inspekta. Kama unataka kunyolewa, utangoja."

"Nataka kuona picha ya Cathy ya Krismasi."

Alikuwa nayo ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, kati ya kioo na bei za kusuka. Cathy alitabasamu mbele ya jumba la njano. Nyuma yake chemchemi zilirusha maji juu, na jua liliwaka juu ya sanamu za dhahabu. Binti amevaa koti zito la kahawia lenye manyoya shingoni.

"Aliituma mwenyewe?"

"Ilipita kwa simu ya pasta. Kule réseau ya simu ni mubaya."

"Umeongea naye kwa sauti lini?"

Vidole vya Mama Colette vikasita. "Mwezi wa kumi na moja. Pasta anasema iko na kazi mingi. Wageni hawaishi."

"Miezi tisa, mama."

"Wewe iko na mutoto, Inspekta?"

"Sina."

"Basi hapana kunihesabia miezi."

Mteja kwenye kiti aliinamisha kichwa. Ambokile akashusha sauti. "Mzee Ephraim aliiona picha hii?"

"Mardi, ni juzi, alikuja kunyoa ndevu. Akaiangalia muda mrefu sana. Akasema, 'Mama, hii ni uongo. Noeli ile maji inafungwa.' Nikakasirika. Nikamwambia, wewe muzee, unachafua mtumishi wa Mungu."

"Kisha?"

"Kwetu mutu akisema mubaya juu ya pasta, unapeleka kwa pasta. Ndiyo sheria ya kanisa. Nilimupigia simu palepale. Nikamwambia, 'Papa Ephraim anasema foto ni uongo, na anataka kuonyesha watu dimanche kwa ukuta.'" Akamwangalia Ambokile usoni kwa mara ya kwanza. "Nilifanya vibaya?"

Ambokile alifunga kijitabu chake. Mama Colette alikaa sakafuni katikati ya nywele za watu.

Ijumaa saa mbili asubuhi Ambokile alirudi Mobeni na hati ya upekuzi. Mabinti wanne walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbele na masanduku yao. Estella alipita kando yao na begi lake, akaingia ofisini.

Pasta aliruka. "Inspekta! Ndege ni saa kumi!"

"Tuna wakati. Fungua kompyuta."

Aliifungua. Ambokile alisogeza kiti karibu, akawasha kinasa sauti.

"Una haki ya kunyamaza, na wakili ukimtaka. Unaelewa?"

"Sina la kuficha."

"Lile kanisa la buluu. Ulikaa wapi?"

"Nilikuambia. Benchi ya mbele."

"Na watu?"

"Wamekaa nyuma."

Ambokile alitoa daftari la penseli, akamsomea. *Usitafute safu za viti, hazipo.* Alisoma polepole, kama mwalimu anayeimla.

"Wakati yake ni ya zamani," alisema pasta. "Saa hii wameleta viti."

"Hujawahi kufika, Pasta."

"Na kama sijafika? Uongo ya sifa ni kosa ya polisi?"

"Hapana. Nyoosha mkono wa kuume."

"Kwa nini?"

"Wa kupakia mafuta."

Estella aliweka mezani picha mbili zilizokuzwa. Moja ilikuwa ya doa kwenye kaunta buku. Nyingine ilitoka kwenye kikombe alichonywea pasta chai jana.

"Alama kumi na nne zinalingana," alisema Estella. "Dole gumba la kuume. Na damu ndani ya parafujo ni ya marehemu."

"Ulisema hakuna anayegusa kitabu," alisema Ambokile. "Lakini Jumatano ulikuwa umewapaka mafuta wagonjwa wote. Ulifuta nguzo, ukasahau kidole. Ukachana safi. Hukujua kama kuna rafu."

Pasta alificha dole gumba ndani ya ngumi. Ambokile aliigeuza kompyuta. Faili moja kwenye kioo lilikuwa na jina Noeli tu. Alilibofya.

Yvette alitokea kwenye kioo, ametabasamu, amevaa koti la kahawia mbele ya chemchemi za Peterhofu. Wa pili akafuata, na wa tatu, na wa nne, koti moja, chemchemi zilezile, hata tone la maji lilelile likiwa hewani juu ya kila bega. Chini kulikuwa na maneno tayari: *Joyeux Noël mama, nina furaha sana.*

Ilikuwa Agosti. Mabinti wenyewe walikuwa bado wamekaa pale nje.

Ambokile aliisukuma kompyuta mbali. Alisimama, akafungua dirisha, akavuta hewa. Nje nako kulinuka chakula cha mbwa.

"Umeshawaandikia Krismasi," alisema bila kugeuka. "Cathy yuko wapi?"

"Iko hai."

"Sijauliza kama yuko hai. Nimeuliza yuko wapi."

"Ghala ya samaki, kulekule Petersburg. Nje ya mji, karibu ya reli. Wanasafisha samaki, wanalala palepale juu. Passeport iko kwa tajiri."

"Ameona jumba hata moja?"

"Wanatoka mara moja kwa mwezi. Sijui."

"Andika anwani."

Pasta aliiandika. Karatasi ikabaki na mafuta.

"Sasa mzee."

"Alinigojea kisha kumaliza maombi. Nilimwambia, 'Papa, ngoja watoto waende, tutaongea.' Akasema hapana. Akasema ataweka foto ya Cathy kwa ukuta na kufundisha kanisa yote kwa nini ni uongo. Iko anatafuta picha kwa mashine, amenipa mugongo. Hakuniogopa hata kidogo. Akasema, 'Serge, wewe hujui hata kama chemchemi hulala.'" Pasta alifuta midomo. "Maikrofoni ilikuwa karibu."

"Kwa ajili ya nini? Wanakulipa kwa kila kichwa, hilo nimelijua. Unanunulia nini?"

Pasta alitazama mchoro ukutani. Macho yake yalilowa, na Ambokile aliona kwamba machozi haya yalikuwa ya kweli, na hilo lilimchukiza kuliko yote yaliyotangulia.

"Unasikia harufu hapa? Miaka tisa ninahubiri ndani ya harufu ya mbwa! Dimanche moja Papa Ephraim anaweka ile kanisa kwa ukuta. Dhahabu! Sikulala. Nikamwambia, nichoree. Akanichorea bure, alifurahi sana. Nilitaka kuba, Inspekta. Kuba moja tu ya dhahabu, watu wakitoka Durban mjini waione."

"Ya samaki."

"Nini?"

"Kuba ya pesa za samaki. Simama."

Pingu zilifungwa. Walipomtoa, mabinti walisimama kwa heshima, kwa mazoea. Yvette peke yake alibaki ameketi. Alikuwa ameiona ile picha kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Chef," alisema, "mimi nilifikiri ni foto ya visa."

"Najua."

"Alituambia tucheke."

Ambokile alimpa mkononi pasipoti yake, aliyoitoa kwenye droo ya pasta. Kisha akawagawia wale wengine watatu zao.

Kufikia adhuhuri alikuwa ameshatuma taarifa rasmi na anwani ile kwa wakubwa wake. Wakamjibu kwamba jalada limepokelewa na litapitia ngazi zinazohusika. Alizijua ngazi hizo. Zina vumbi.

Basi akaketi ofisini kwake, akatoa bahasha ya Mzee Ephraim. Mama Colette alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, fremu ya dhahabu mapajani, tupu. Picha alikuwa ameichana mwenyewe.

Ambokile hakuandika barua mpya. Alichukua ileile, akaendelea pale kalamu ya mzee ilipokomea: *si ya kweli. Mwenzako Ephraim hakumaliza kuandika kwa sababu aliuawa kwa ajili ya neno hili. Mimi ni polisi, ninaitwa Ambokile. Binti yuko kwenye anwani iliyo hapa chini. Nenda mchana, usiende peke yako, na useme umetumwa na mama yake.*

"Ongeza," alisema Mama Colette. "Andika: kabla ya kumupandisha ndege, amupeleke ile kanisa ya buluu. Asimame ndani. Papa Ephraim alimuahidi."

Aliandika. Mama Colette akaomba kalamu, akaongeza mstari wake chini kabisa, akiuficha kwa kiganja. Ambokile hakuusoma. Alikunja karatasi mara tatu, akalamba gundi ya bahasha, chungu, akaibana kwa ngumi hadi iliposhika.

Posta ilikuwa karibu kufunga. Karani aligeuza bahasha huku na huku.

"Hii itachukua muda, baba."

"Igonge muhuri," alisema Ambokile, na hakuondoka dirishani mpaka alipoiona ikiingia kwenye gunia.